Rivolva ya mtumba na vidole vya Verna

Saa kumi na mbili asubuhi, mashine tatu za kufulia zinanguruma kwa pamoja na Verna Sedlak hatulii. Anakunja shuka, anaiacha, anakwenda mlangoni, anarudi. Kila baada ya shuka mbili tatu anakikunja kidole cha shahada, kama anayemwita mtu aliye mbali.

"Leo ndiyo leo," anasema. "Saa kumi na moja jioni duka linafungwa. Nirudishe, nisirudishe, lazima niamue."

Kinachomkosesha raha ni rivolva, bastola ya silinda yenye matundu sita, aliyoinunua Jumanne kwa dola 410. Ni ya mtumba, na duka hupokea kilichorudishwa mpaka leo Ijumaa tu.

Verna, 58, hufua nguo katika makao ya wazee mjini Colby Run, Pennsylvania, kwa dola 15 kwa saa. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumatano baada ya kazi, amekuwa akilenga shabaha na timu ya watu watano ya klabu ya mji. Alitumia bastola ya magazini, ile inayovutwa nyuma ili risasi iingie. Majira ya baridi yaliyopita, baridi yabisi ikamwingia vidoleni, akawa hawezi tena kuivuta.

Rivolva haivutwi. Mpya zilimshinda bei, akaanza kuzunguka madukani. Alikagua saba, akatikisa silinda, akamulika mitutu kwa tochi. Hii ilikuwa ya mlinzi wa benki: ubavuni imechubuka kwa kukaa kiunoni, ndani safi.

"Ilibebwa sana, haikupigwa," anasema.

Jumatano akaipeleka uwanjani. Risasi kumi na mbili za kwanza zikatua karibu na katikati. Alipojaza mara ya tatu, silinda ikagoma kuzunguka.

"Verna, umenunua bastola au kitasa?" alimtania Duane Fetterolf, nahodha wao.

"Cheka tu. Jina langu usiliguse kwenye orodha."

"Dada, mashindano ni Jumamosi. Nataka majina matano Ijumaa jioni, na Chuck wa posta, anayeitaka nafasi yako, ananipigia simu kila siku."

Tangu hapo Verna amelifungua na kulifunga kabati lake la chuma hata mwenyewe hajui mara ngapi. Silinda ikiwa tupu, inazunguka vizuri. Hilo ndilo linalomtesa.

Saa tisa anatoka kazini, anaipitia bastola nyumbani, anaingia dukani na sanduku lake lililofungwa. Muuzaji, mzee Orrin Kessler, habishi. Anaikagua, kisha anatia maganda matupu ya risasi na kumwambia, "Hebu nionyeshe unavyoyatoa."

Verna anaulaza mtutu chini kidogo, anayasukuma.

"Hapo hapo, bibie! Hapo ndipo unapoharibu."

"Nimeharibu nini tena?"

"Umeinamisha. Punje za baruti ambazo hazijaungua zinaingia chini ya hiki kinyota kinachosukuma maganda. Kikiinuka unene wa unywele, ukijaza risasi, silinda inabana. Mtutu utazame juu, ukipige kijiti cha kusukumia kwa kiganja, uchafu udondoke."

"Miaka kumi na tisa nalenga, leo nafundishwa kumwaga maganda?"

"Ulizozoea zinatema zenyewe. Hii inataka mkono wako."

Anachukua mswaki mkavu, anasugua chini ya kinyota. Punje nne, tano nyeusi zinaanguka kwenye karatasi.

"Na kama si hizi?" Verna anauliza.

"Basi imekula kwako. Hapa sina uwanja wa kuijaribia, na saa yangu ile pale."

Verna anaitazama saa. Anatoka nje, anasimama kando ya gari, anarudi ndani, anatoka tena na sanduku lake. Mwishowe anampigia Duane.

"Niandike."

"Kitasa kimefunguka?"

"Sijui. Niandike hivyo hivyo."

Jioni, jikoni kwake, kitoweo cha kabichi kimepoa mezani bila kuguswa. Amesimama na bastola yenye maganda matupu tu: mtutu juu, kiganja, maganda chini. Anayaokota, anaanza upya. Vidole vinamuuma, anavikanda, anaendelea.

Kuhusu vidole hivyo, daktari hajamwahidi chochote. Verna anamwomba Mungu misimu miwili tu ya kulenga.

"Kesho saa tatu nitakuwa kwenye mstari wa kulengea," anasema, akiinama kuokota tena. "Kama ni kushindwa, nishindwe pale, siyo hapa jikoni."