Mashubaka ya Mlima Lugonzo

Hamisa Kondo alikuwa na miaka hamsini na sita, na katika miaka yote hiyo kitu kirefu kuliko vyote alichowahi kupanda ni ngazi za jengo moja la ghorofa nne pale Kurasini, siku lifti ilipogoma na mawakala wa forodha wa ghorofa ya juu wakapiga simu kwamba wanakufa njaa. Alipanda na wali kichwani, akashuka na vyombo vitupu, na jioni akamwambia binti yake Nusaiba kwamba watu wanaoishi milimani wana kazi.

Alizaliwa Mtoni, akaolewa Mtoni, akafiwa na mume Mtoni, na nyumba yake iko huko huko hadi leo. Kwa miaka ishirini na minne kazi yake ilikuwa moja: kupika chakula na kukipeleka kwenye yadi za makontena za Kurasini, kwa madereva wa malori, vibarua na makarani. Mkokoteni aliwahi kuujaribu, ukamshinda. Ile barabara ina mashimo na malori hayampishi mtu. Akarudia kichwa chake. Ni mfupi wa kimo, mpana wa mabega, na mwendo wake hauna haraka wala hausimami. Katikati ya makontena ilikuwa inaanza kuonekana sufuria kwanza, ndipo unamwona mwenyewe.

Baadhi ya wateja wake walianzisha klabu ya jogging. Kila Jumamosi asubuhi walivaa jezi za rangi ya chungwa, wakakimbia kwa nyimbo na filimbi hadi Uhasibu na kurudi, kisha wakaishia kwa Hamisa kunywa supu. Mwenyekiti wao alikuwa Godlisten, wakala wa forodha, kijana mrefu aliyezaliwa Machame, ambaye aliizungumzia milima kama wengine wanavyowazungumzia wajomba zao. Ndiye aliyeleta wazo la kufunga mwaka kwa kupanda Mlima Lugonzo, kule ndani Uluguruni, mlima ambao watu wa zamani waliukimbilia kujificha wasikamatwe kuwa watumwa. Watu kumi na wanane walijiandikisha. Hamisa aliombwa aende kupika.

Nusaiba hakupenda. Alimkumbusha mama yake habari ya magoti, akamkumbusha na presha. Hamisa akamjibu kwamba yeye hapandi kitu. Atakaa chini kwenye kigoda na mafiga yake kama siku nyingine yoyote, tofauti ni hali ya hewa tu. Nusaiba akampa raba zake, asije akapigwa na baridi ya miguu.

Waliondoka na Coaster Jumamosi mchana, wakalala kwenye nyumba ya wageni ya parokia, mahali barabara inapoishia. Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, Hamisa aliwasha moto, na kufikia saa moja na nusu pilau lilikuwa limeiva na kijiji kizima kinanukia bizari.

Hapo ndipo alipofika mwongozaji wao, Albano, mwenyeji wa kijiji, mwanamume wa miaka arobaini hivi mwenye miguu myembamba na buti za mpira. Aliwasalimu wote, akamwamkia Hamisa shikamoo, kisha akawaeleza jambo ambalo Godlisten alikuwa hakulifahamu vizuri kwenye simu: kwenda na kurudi kungewachukua hadi saa kumi. Wasipokula kule juu, wengine hawatashuka kwa miguu yao. Na mbebaji aliyemwandaa kubeba chakula asingekuja, kwa sababu walikuwa wamefiwa kwao usiku ule.

Godlisten akapendekeza pilau ligawanywe kwenye mifuko, kila mtu abebe la kwake. Hamisa alimtazama kama mtu aliyependekeza limwagwe.

"Pilau langu halipandi mlima ndani ya rambo," alisema. "Nitwisheni."

Albano alisita. Alimweleza kwa heshima kwamba baada ya kijito njia inasimama wima, na kuna mahali mtu anashika mwamba kwa mikono. Hamisa akamuuliza kama wanawake wa pale wanapita njia hiyo na mizigo. Albano akakiri kwamba ndiyo, wana mashamba huko juu, na ndizi zinashuka kila siku.

"Basi hiyo ni njia," Hamisa akasema, akaanza kuzungusha kanga kutengeneza kata ya kuwekea mzigo kichwani.

Raba za Nusaiba zilikuwa zinampwaya, hivyo akazivua na kuvaa yeboyebo zake. Sufuria ilifungwa mfuniko kwa kitambaa, ikaviringishwa kanga mbili ili isipoe, akatwishwa. Albano akachukua maji na ndoo ya kachumbari. Wakaanza.

Saa ya kwanza ilikuwa ya nyimbo. Walipita migombani, wakavuka kijito juu ya magogo, wakaingia kwenye miti mirefu ambako jua lilifika vipande vipande. Kisha njia ikasimama wima kama alivyosema Albano, na nyimbo zikaanza kufa mtu mmoja mmoja. Godlisten, aliyekuwa ametangulia na fimbo mkononi, alijikuta katikati ya msafara, halafu nyuma, akiwaeleza waliompita kwamba milima ya kwao hewa yake ni nyingine. Bupe, karani wa mizani kwenye yadi mojawapo, dada mcheshi wa Mbeya, akamjibu kwamba hata ya kwao Mbeya ni nyingine, ila yeye hajasema kitu.

Hamisa alitembea kwa mwendo wake ule ule. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mara moja, kwenye kona, aliona kwa pembeni ya jicho mabati ya kijiji yakiwa madogo kama viberiti. Lakini mtu mwenye sufuria kichwani hawezi kuinama kutazama miguu yake, na huo ndio uliokuwa wokovu wake. Miaka yote pale Kurasini, katikati ya minyororo, mbao na madimbwi ya oili, aliacha miguu ijitafutie pa kukanyaga. Akaiacha tena. Ikapapasa jiwe, ikapapasa mzizi, ikaenda.

Walipopumzika, Albano aliwasimulia habari za mlima. Wakamata watumwa walipofika bondeni, alisema, watu wote walipanda huku juu na mbuzi wao, wakakaa misimu miwili ya kilimo. Wale wakapiga kambi pale kijitoni wakingoja njaa iwashushe. Njaa haikuwashusha, kwa sababu wanawake walikuwa wakiteremka jioni kwa njia hii ya nyuma, wanavuna mashamba yao wenyewe, na kupanda na mahindi kabla hapajapambazuka. Mwishowe waliokimbia njaa ni wale wa chini.

"Kwa njia hii hii?" Hamisa aliuliza.

"Hii hii, mama."

Baada ya hapo alipanda akiwafikiria. Hakuwafikiria kama mashujaa. Aliwafikiria shingo zao.

Mahali palipokuwa pakali kuliko pote, njia ilibana kando ya ukuta wa mwamba, na kwenye mwamba huo palikuwa na mashubaka matatu yaliyochongwa kwa mkono, kila moja upana wa mkono uliokunjuliwa, sakafu yake bapa. Yalimfika Albano mabegani. Aliwaeleza kwamba hapo wazee waliweka unga wa tambiko, kuiomba mizimu ulinzi. Wageni wakatoa simu, wakapiga picha. Ni maelezo aliyokuwa ameyatoa kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyewahi kuyaulizia swali.

Hamisa wakati huo alikuwa hana habari ya mizimu. Shingo ilikuwa inamwaka moto, na alitaka kutua mzigo. Aligeuka kutafuta wa kumtua, akaona walio karibu wote wameshika simu, Bupe yuko hatua ishirini chini, mikono imemlegea, na Albano ameshapita mbele. Akafanya alichozoea kufanya. Alisogea kwenye shubaka la kwanza, akakunja magoti kidogo, akausukuma mzigo kutoka kichwani. Sufuria ikateleza na kuingia ndani ya mwamba kama droo ya kabati.

Akabaki amesimama. Kisha akapitisha kiganja kwenye ukingo wa shubaka. Ulikuwa laini, umesuguliwa kama mdomo wa mtungi wa zamani. Akairudisha kata kichwani, akaingiza kichwa karibu na ukingo, akaivuta sufuria, ikapanda kichwani pake bila kuinuliwa na mtu. Akaitua tena. Akaivuta tena. Waliokuwa karibu wakaacha kupiga picha.

"Baba Albano," aliita, "njoo kwanza."

Albano akarudi. Hamisa akamweleza taratibu, mkono mmoja ukiwa juu ya jiwe. Alimwambia kwamba pale Kurasini, siku anazofika yadini mapema kabla ya watu, hutua sufuria juu ya bodi la semitrela, pale lori linapopakiwa mizigo, kwa sababu bodi lile liko sawasawa na kichwa chake. Chini haweki kamwe.

"Mtu aliyebeba peke yake hawezi kutua mzigo chini," alisema. "Akishautua, nani atamtwisha? Unapumzika hivi, mzigo uko palepale juu, unaingia chini yake unaondoka. Hapa ni pa kutulia mizigo, baba. Waliochonga hapa ni wanawake, au walichongewa. Na walikuwa na kimo changu."

Albano alishika ukingo, akapapasa kama Hamisa alivyopapasa. Alisema kwamba babu yake ndiye aliyemwambia habari ya tambiko. Hamisa akamjibu kwamba babu huenda alisema kweli, unga unaweza kuwekwa mahali popote. Ila babu alikuwa mwanamume, hakubeba kwa kichwa.

Albano akacheka, lakini mara akawa makini. Akamuuliza, kama ndivyo, je, shubaka jingine lingekuwa wapi?

"Pale shingo itakapoanza kulalamika tena," Hamisa alisema.

Wakaendelea kupanda, safari hii yeye mbele na Albano nyuma yake, na wale wengine, hata waliokuwa wamechoka kabisa, wakawa wanafuata kwa karibu wasikose kitakachotokea. Njia ilizunguka, ikapanda mwinuko mwingine mrefu. Hamisa alihesabu pumzi zake. Mahali fulani alisimama.

"Mie ningetua hapa," alisema.

Palikuwa na mwamba mtupu uliofunikwa kuvu na majani ya kutambaa. Albano alisema amepita hapo mara mia kadhaa na hapana kitu. Hata hivyo alichomoa panga, akaanza kuyakata yale majani na kuyavuta, Bupe akasaidia kwa kucha. Udongo ukadondoka, kuvu likabanduka kama zulia, na nyuma yake likatokea shubaka. Moja tu, pana kuliko yale ya chini, sakafu yake bapa, na ukingo wake umesuguliwa.

Vijana wa jogging wakapiga filimbi mpaka ndege wakaruka. Albano alivua kofia. Hamisa hakupiga kelele. Alisogea, akatua sufuria yake mle ndani, ikaingia, akaegemea mwamba na kufuta macho kwa ncha ya mtandio. Baadaye alimweleza Nusaiba kwamba alijisikia kama mtu aliyefika ugenini, nyumba ya watu asiowajua, akakuta kigoda chake kimeshawekwa.

Kileleni walifika saa sita kasoro. Palikuwa na uwanda mdogo wenye misingi ya vibanda, mawe ya kusagia yaliyolika katikati, na upepo mkali. Pilau lilipofunuliwa lilikuwa bado linatoa mvuke. Walikula kama watu waliotoka kufunga. Godlisten alifika wa mwisho, akaketi, akala sahani mbili, na alipopata nguvu akakiri mbele ya wote kwamba Kilimanjaro hajawahi kuvuka geti. Walimcheka mpaka yeye mwenyewe akacheka, na Hamisa akamwongezea nyama kwa kusema ukweli.

Walipokuwa wanashuka Albano hakumwachia Hamisa nafasi. Alitaka kujua uzito ambao mwanamke anaweza kupanda nao, kama mahindi yangekuwa ya magunzi au yamepukuchuliwa, wangepumzika mara ngapi. Hamisa alimjibu yote, na asichokijua alisema hakijui. Kabla ya kuagana Albano aliandika namba ya simu ya Hamisa.

Tangu siku hiyo Albano, akifika na wageni kwenye mashubaka, huwaeleza mambo mawili: aliyoambiwa na babu yake, na aliyoonyeshwa na mama mmoja wa Kurasini. Kisha huwapa mzigo wajaribu wenyewe. Yeye na wanawake wa kijiji wamekwishafunua mengine matatu, yote mahali ambapo shingo inalalamika.

Hupiga simu mara kwa mara. Wiki iliyopita alipiga mchana, yadi imejaa, foleni ya madereva na sahani zao mbele ya Hamisa. Alikuwa mlimani na walimu kutoka Morogoro, na mmoja wao alikuwa ameuliza mama mwenye mtoto mgongoni angefanyaje. Hamisa akabana simu kati ya sikio na bega, akaendelea kupakua.

"Mwambie mtoto hatuliwi," alisema. "Unatuliwa mzigo tu. Mtoto analala."

Dereva wa mbele kwenye foleni akauliza anaongea na nani. Hamisa akamjibu kwamba anaongea na mlimani, akamwekea maharage, akamwita anayefuata.