Vitambaa vya Mapasa Kwenye Upepo

Siku yangu ya kwanza ya kazi sikufua hata soksi. Nilifika kwenye nyumba ya wageni ya watawa, pale mjini kati Lubumbashi, nimevaa viatu vya dada yangu vinavyonibana, nikidhani nitapewa beseni na sabuni. Chef Buandier, yaani mkubwa wa mahali pa kufulia, alikuwa mzee mfupi mwenye mabega ya mbeba magunia. Alinitazama toka juu mpaka chini.

"We, binti, enda simama pale katikati ya makamba. Simama tu."

Nikaenda nikasimama. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya kiangazi inauma masikio, na mashuka ya wageni yalikuwa yameanikwa safu kwa safu. Upepo ukaja. Mashuka yakajaa, yakainuka, yakapita juu ya kichwa changu na kushuka tena polepole. Sikuona tena nyumba wala ukuta. Nyeupe tu kila upande, na harufu ya sabuni na jua. Nilisahau viatu, nilisahau nimekuja kutafuta kazi, nilisahau hata jina langu.

"Umesikia nini?" Chef akaniuliza nilipotoka.

"Sikusikia kintu, Chef."

"Bon. Rudia."

Nikarudia. Nilirudishwa mpaka nikachoka, na mwishowe nikasikia. Shuka moja kule pembeni lilikuwa linapiga pa! pa! kama mtu anayechapwa makofi. Mengine yote yalikuwa yanapumua tu. Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza mzee yule akatabasamu. "Ile yenye kupiga kelele iko inapasuka. Ile yenye kunyamaza, njo iko inakauka. Kesho utakuya saa ya kazi."

Ninyi vijana mnaosoma haya mna mashine zenye milango ya kioo, mnabonyeza, mnaenda kutazama simu. Sawa, sina wivu. Lakini umeme ukikatika, na huku kwetu unakatika, nawaona mnazunguka uani na nguo mbichi mikononi kama watu waliopotewa na mbuzi. Kwa hiyo acheni niseme.

Kamba yetu ilikuwa waya wa chuma, na kila asubuhi kazi ya kwanza ni kuupangusa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu kutu ikishika shuka jeupe haitoki tena. Katikati ya waya tuliweka panda, ule mti wenye kichwa cha matawi mawili unaoinua kamba ili nguo zisiburute chini. Siku ya upepo mkali panda unaishusha kidogo, usiipandishe, la sivyo waya wote utacheza na mapensi yataruka. Mapensi ni vile vibanio vya mti. Shati unalianika kichwa chini, ukilibana kwenye upindo wa chini. Shuka unalikunja kiganja kimoja tu juu ya waya, na mdomo wake unauelekeza upepo unakotoka, lijaze tumbo. Na upepo unakotoka utaujuaje? Tazama moshi wa mbabula, yale majiko ya makaa ya majirani. Mahali wanawake wanapika kwa makala, huhitaji kumwuliza mtu.

Mkubwa wetu wa juu pale alikuwa Masere Mhasibu. Masere, ndivyo tunavyowaita watawa wa kike. Alinifumania mara nyingi nimesimama katikati ya mashuka, macho nusu yamefungwa.

"Eulalie! Uko unaanika ao uko unaota?"

"Niko naanika, Masere."

"Mi naona vyote viwili," akasema, akaenda zake akicheka.

Alisema kweli. Mimi ni mtu wa kuota mchana, tangu utoto. Baba yangu, fundi wa reli aliyekuja toka kaskazini ya Katanga, alikuwa akisema nitaolewa na mawingu. Sikuolewa na mawingu, niliolewa na mtu wa makelele sana, Mungu amrehemu, lakini kazini nilibaki na utulivu wangu. Kati ya kamba na kamba kuna njia nyembamba, na mle ndani hakuna anayekuita.

Baadaye nilitumwa Kasomeno, kwenye kituo cha afya, kwenye ile barabara ya Kasenga. Eeh, Kasomeno! Malori ya samaki yanapita, vumbi jekundu linapanda, na shuka ulilolianika jeupe unalianua rangi ya tofali. Nililia wiki ya kwanza, nasema kweli. Mwishowe nikahamisha kamba zote nyuma ya jengo, upande ambao upepo unakuja ukitoka porini na kuipelekea barabara vumbi lake lenyewe. Mkubwa wangu pale aliitwa Infirmier Titulaire, muuguzi mwenye kushika kituo. Alikuwa mkali kwa jambo moja: pasi.

"Mama Eulalie, hii blanketi ya mutoto umeipiga feri?"

"Ilikauka muzuri na jua, Titulaire."

"Sikuulize jua. Feri!"

Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu. Ukivaa bila kupiga pasi, funza wake anaingia kwenye ngozi na kuvimba kama jipu. Mtoto mchanga hawezi kusema kinachomuuma, analia tu. Kwa hiyo nilijifunza kupiga feri ya makala pande zote mbili za kila kitambaa, mpaka kwenye mishono. Leo wajukuu wa jirani wakivaa nguo moja kwa moja toka kwenye kamba, mimi napiga kelele hadi barabarani.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa maternité, nyumba ya kuzalishia, huku huku Lubumbashi. Nilikaa pale mpaka pensheni. Kamba zilipita mbele ya madirisha ya wazazi, na siku za upepo wanawake waliolala walikuwa wanatazama vitambaa vya watoto wao vikicheza. Mmoja aliwahi kuniambia kwamba ile ndiyo televizheni yao. Mkubwa wetu aliitwa Masere wa Maternité, mwanamke wa Kasai, mrefu, mwenye maneno machache.

Ni pale binti yangu Béa alipoletwa, mwezi wa nane wa mwaka, mimba haijafika siku zake. Mapasa. Mume wake alikuwa safarini na lori. Walimpasua, wakatoa wasichana wawili wadogo mno, ungeweza kumlaza mmoja kwenye kiganja na miguu ikaishia kwenye kifundo cha mkono wako. Wa kwanza tukamwita Kyungu, wa pili Kabange, kama tunavyowaita mapasa kwetu. Waliwekwa kwenye chumba cha joto. Béa alishikwa na homa baada ya kupasuliwa, akawekwa kwenye kitanda cha dirishani, hawezi kusimama kwenda kuwaona. Alichokuwa anaona cha watoto wake ni kamba yangu.

Sasa, mapasa kwetu wana sheria zao, hata sisi Wakatoliki hatuziachi. Anachofanyiwa mmoja anafanyiwa mwenzake. Vitambaa vyao vinafuliwa kwenye maji mamoja, vinaanikwa bega kwa bega, vinaanuliwa pamoja, na ukivigusa unaimba, kwa sababu mapasa hawapendi uso uliokunjwa. Na mmoja akienda, husemi amekufa. Unasema amerudia. Hulii. Ukilia, yule aliyebaki anakasirika, anamfuata mwenzake. Unaendelea kumfanyia kama yupo.

Kila asubuhi nilipopita dirishani Béa alikuwa ananiuliza hali ya wote wawili: "Mama, bote babili beko muzuri?"

"Beko muzuri, mutoto wangu. Beko nanyonya maziwa na kipamba."

Kisha asubuhi moja Kyungu akarudia. Alikuwa mdogo tu, pumzi ikamshinda. Masere wa Maternité alinishika mkono akanipeleka mwisho wa baraza.

"Mama Eulalie. Homa ya Béa haiyashuka. Tusimwambie leo. Akipata nguvu, nitamwambia mi mwenyewe. Béa asikuone unalia."

"Masere, Béa eko anaona kamba. Kama naanika vya mumoja tu, atajua."

Kisha nikamweleza na habari ya sheria ya mapasa, nikitegemea atanikaripia. Alitazama nje, kule kwenye waya.

"Anika," akasema.

Nikaenda nikavichukua vitambaa vya Kyungu, ambavyo hakuna mtu aliyevilalia, nikavitia majini pamoja na vya Kabange. Ndugu zangu, nimefua nguo za wagonjwa, nimefua mashuka yenye damu, sijawahi kufua kitu kizito kama kile kitambaa kisafi. Nilikisugua vilevile. Nilikikamua. Nilikwenda nacho kwenye kamba, nikakikung'uta, nikaanza kuimba wimbo wa mapasa, ule wenye maneno ya matusi ya kuchekesha, maana ndivyo wanavyotaka.

Upepo wa mwezi wa nane unajua kazi yake. Hauji kwa ghafla, unakuja mfululizo, mkavu, na jua likiwa bado chini. Nilivianika mdomo wazi, navyo vikajaa. Viwili viwili, bega kwa bega, na kila kimoja kilikuwa na tumbo la mviringo, kana kwamba kuna mtoto ndani. Vilikuwa vinapumua. Nilikuwa nasimama katikati yao na kuota waziwazi kwamba wote wawili wamo, wamelala, na upepo ndio unaowabembeleza. Mara nyingine nilikuwa nagusa kile cha Kyungu kwa kidole, taratibu, nisimwamshe. Kisha upepo ulikuwa unapumzika, vitambaa vinaanguka bapa, nami nafunga macho mpaka uje tena.

"Mama, bote babili beko muzuri?"

"Beko muzuri."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Nilikuwa naogopa kila kitu. Naogopa Béa akijua homa itapanda imchukue. Naogopa nikilia Kabange atasikia aende. Nyumbani nilikuwa naziba mdomo kwa mto. Hata mkwe wangu aliporudi na kuambiwa, tulitazamana tu, akaenda kumwimbia Kabange mlangoni.

Homa ikashuka. Masere akaingia kwa Béa, akafunga mlango. Mimi nilikuwa kwenye kamba, nangoja kilio. Hakikuja. Alipotoka, Masere aliniambia: "Amesema aksanti. Basi." Nikadhani Béa anashika sheria. Nikamshukuru Mungu, tukarudi nyumbani na Kabange mgongoni, na nyumbani pia nikaendelea kuanika viwili viwili, mpaka Kabange alipoanza kutambaa na familia ikasema inatosha. Mwaka uliofuata nikapewa pensheni. Walinipa kitenge na picha, Masere akanikumbatia. Habari ya Kyungu haikutajwa tena kati yetu, wala kati yangu na Béa.

Sasa mimi ni mtu wa kiti. Magoti yamekataa. Béa ndiye anayeanika uani, nami natoa amri: punguza panda, geuza shati, upepo umehama. Ananijibu "Ndiyo, Chef," kwa dharau ya mapenzi. Watu wananiuliza kama naikumbuka kazi. Sikumbuki uchovu. Nakumbuka zile njia nyembamba kati ya kamba, na jinsi mtu alivyoweza kutembea mle asubuhi nzima huku moyo wake uko mahali pengine kabisa. Nawaambia vijana: mkipata kazi inayowapa mahali pa namna hiyo, msiidharau, hata wakiwaita wafuaji tu.

Jumamosi moja, kiangazi hiki, upepo ulikuwa mzuri sana. Béa alikuwa anaanika mashati meupe ya shule ya Kabange. Akabaki ameshika moja, hajalibana bado.

"Mama," akasema bila kugeuka. "Unajua nilijuaka?"

"Ulijuaka nini?"

"Kyungu. Nilijuaka mbele ya Masere kuniambia. Siku kidogo tu, nikajua."

Nikasema hapana, haiwezekani, nani alimwambia.

"Hakuna muntu. Mi ni mutoto ya buandière, mama mufuaji. Kitambaa ya mutoto wa siku inabakia na rangi ya njano ya choo yake, hata ufue namna gani, jua njo inaitoa pole pole. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Ile ya Kabange ilikuwa na njano. Ile ya Kyungu ilizidi kuwa nyeupe kila siku. Nyeupe tu."

Upepo ukalichukua shati mkononi mwake, akalishika vizuri.

"Lakini kila asubuhi uliniulizaka," nikasema. "Bote babili beko muzuri. Kila asubuhi, Béa!"

"Nilikuulizaka kwa sababu yako." Sasa akageuka. "Nilikuwa nakuona kwa dirisha. Uko unaimba, mapensi inaanguka, unaokota, inaanguka tena. Nikasema, siku nitaacha kuuliza, ataacha kuanika. Na akiacha kuanika, mama yangu atakufa pale chini ya kamba."

Nikaziba mdomo kwa mkono kama nilivyozoea, na macho yakaenda yenyewe kwa Kabange, aliyekuwa kizingitini anasuka nywele za mwanasesere.

Béa aliona nilikotazama. Akaja, akautoa mkono wangu mdomoni, taratibu, kidole kwa kidole.

"Lia, mama. Huyu amekomaa. Haendi tena."

Nikalia. Nikalia kwa sauti, mchana kweupe, majirani wanasimama kwenye nyua zao. Kabange, anayeniita Kambo, yaani bibi, akainua kichwa.

"Mama, Kambo analia nini?"

"Anamlilia Kyungu," Béa akasema.

Mtoto akaacha mwanasesere wake chini, akaja akapanda magotini pangu, haya magoti mabovu, akaketi na uzito wake wote.