Siku Niliyokula kwa Sahani ya Arobaini na Saba

Hata kuandika naona haya, na nimegeukia ukutani hapa bwenini ili mtu asinichungulie, lakini nisipoyatoa yatanipasua: jana shule nzima iliniona nikiburutwa na ng'ombe, na chanzo ni msumari.

Hapa shuleni kila mtu ana sahani ya bati yenye namba iliyogongwa ukingoni kwa msumari, wasichana wa zamu wanapakua kabla ya kengele, ukija unachukua namba yako. Watu hubadilisha namba kwa sababu zao, huyu sahani imepotea karithi ya aliyemaliza, yule anakwepa kuosha masufuria (zamu nazo zinakwenda kwa namba hizo hizo), na mimi sababu yangu ilikuwa wivu, wivu mtupu. Maana arobaini na saba, ya mwenzetu Masanja, Kabula, mmoja wa wasichana wanaopakua, alikuwa akiijaza ugali mpaka unamwagika, anaongeza maziwa mgando, halafu anaifunika taratibu kama anafunika mtoto, na kumi na saba yangu inapata kipande cha kumtosha kuku. Kabula, ambaye mimi hata salamu yake naiitikia nikiangalia vidole vya miguu yangu!

Basi jana asubuhi, kabla hawajapakua, nikachukua msumari, moja nikaigeuza nne, sahani ya Masanja nikaificha nyuma ya kuni. Mchana nikafunua, nikala nikijiona bwana harusi.

Sijamaliza, mwalimu mpya wa kilimo akaingia anahema.

"Arobaini na saba ni nani? Maksai wako wamekata kamba, wako kwenye pamba!"

Macho yakatua kwenye sahani yangu. Hapo ndipo ningesema, lakini Kabula alikuwa amesimama na upawa wake, na kukiri mbele yake nikaona bora kufa, nikainuka, mimi mtoto wa karani wa Shinyanga mjini, ambaye ng'ombe namjua akiwa mchuzi.

Kufika shambani nikaizungusha kamba ya mmoja mkononi (kumbe haizungushwi!), maksai akashtuka, safari ikaanza, mimi kwa tumbo, miche ya pamba ikinichapa usoni, kaptula ikichanika nyuma, na shule nzima imejipanga kama kwenye mpira. Masanja akatokea kisimani, akapiga mluzi mmoja tu, wakasimama.

"Bwana wee," akasema, "unawapeleka wapi ng'ombe wangu?"

Kabula alikwisha kuileta sahani yangu, anaikagua ile nne.

"Kwa hiyo ulidhani nampendelea? Wa maksai anaongezewa, na anafunikiwa kwa kuwa anachelewa shambani. Amri ya mpishi. Hata angekula mbwa kwenye namba hii, ningemjazia!"

Vicheko! Mwalimu akamalizia: "Chakula cha maksai umekila, basi kalime nao wewe badala ya Masanja, mpaka palizi iishe."

Leo nimelima. Ugali nimewekewa mlima, umefunikwa, umepoa. Ila nilipoufuata, nimechelewa, viganja vimechubuka, nilimkuta Masanja amekaa juu ya kinu mlangoni mwa jikoni, hana haraka, mchana wote sasa ni wake, na Kabula anamcheka mpaka anashika ukuta. Naapa msumari siushiki tena. Yule mtu alikuwa hana hata nafasi ya kuongea na Kabula, nafasi nimempa mimi.