Kigoda Kilichovundikwa na Ndizi

Jamani, mcheke taratibu, maana mwenzenu hadi leo nikipita Kibondo navuta kofia usoni. Siku ile nilimshusha baba mkwe wangu mtarajiwa hadi sakafuni mbele ya ukoo wake mzima, tena bila kumgusa.

Mimi nasomea vyuma chuoni, na chuma changu (kwetu kila metali ni chuma) ni magnesiamu iliyochanganywa na lithiamu, hii hii ya kwenye betri za simu. Ni chepesi ajabu lakini kina vituko: kikitoka kwenye tanuru ni laini, ukikiweka kwenye joto la wastani kinakomaa na kuwa kigumu, ukipitiliza kinalegea tena. Baba yake mchumba wangu Jeneroza, muuza maharage wa Kibondo, mtu mwenye mwili wake, alishasema binti yake haolewi na kijana ambaye kazi yake haielezeki. Nikaona dawa ni moja, siku ya posa nimpelekee kigoda, kikalio cha mbao na miguu mitatu ya chuma changu, akikalie, mjadala uishe.

Nilikikomaza mwenyewe chuoni, nikakijaribu pamoja na rafiki yangu mnene, kikatulia. Nikakiacha Kasulu kwa shangazi Eufrazia, naye akauliza, miguu myembamba hivi itambeba yule mzee kweli? Hapo ndipo nilipojiponza. Badala ya kusema ndiyo tu, nikaanza usomi: "Shangazi, chuma hiki kinakomaa kwa joto la polepole, kama ndizi zako za pombe shimoni." Akaitikia kwa kichwa, nikajiona mwalimu.

Kumbe wiki ile alikuwa anavundika ndizi za rubisi, pombe ya posa, kwenye shimo lililopashwa moto na kufunikwa majani na udongo, na kwa kunitakia mema akafukia na kigoda humo humo, kikomae zaidi. Siku ya safari kilinukia ndizi mbivu, nikadhani ni madumu ya rubisi tuliyopakia nayo.

Kibondo tulipokelewa vizuri, tukapigiana makofi ya salamu, na mshenga wetu, baba mdogo Zakaria, akakabidhi kigoda. Mzee akakinyanyua kwa kidole kimoja. "Eh! Ni kama hakipo." Akakikalia, kikatulia, nikamkonyeza Jeneroza (bora ningesubiri).

Mzee akaanza hotuba ya kutoa jibu, akitaja kwanza mababu zake, na alipofika kwa wa pili nikaona magoti yake yamepanda. Miguu ingevunjika tungesema pole yakaisha, lakini ilikuwa inapinda, polepole, kimya kimya, na mzee akizungumza hakatizwi. Sasa sisi tuliokuja kuomba hatuwezi kukaa juu kuliko mwenye binti, kwa hiyo yeye alivyoshuka baba mdogo akasogea ukingoni mwa kiti, kisha akachuchumaa, kisha upande wetu wote tukawa mkekani, na mzee alipofika kwenye "hivyo jibu langu kwenu" alikuwa chini kabisa, magoti masikioni, na baba mdogo amelala kifudifudi.

"Mana yanje, Mungu wangu!" mama yake Jeneroza akasema kutoka mlangoni. "Mmeangusha nini huko chini?"

Shangazi, aliyekuwa mkekani pamoja nasi, akaona aokoe jahazi. "Labda hakijakomaa. Tungekiacha shimoni mpaka Jumapili."

"Shimo gani?" nikauliza.

"La ndizi. Si ulisema mwenyewe?"

Kumbe kilipitiliza joto! Nilitamani shimo hilo hilo linifukie. Mzee akanigeukia. "Kijana, ndicho unachosomea hicho?"

"Ndiyo, baba."

"Basi jibu langu," akasema, akinyoosha mkono ainuliwe, "nitalitoa siku nikiwa nimekalia kitu."

Jeneroza alitokwa na machozi, na mpaka leo hasemi kama alikuwa analia au anacheka. Tulirudi Kasulu bila jibu, mimi nimekipakata kigoda, roho inaniuma kwelikweli kwa kudhani nimemkosa. Mwezi uliofuata mzee akakubali, akiwa amekalia kreti la soda tulilotoka nalo Kasulu, baada ya mashemeji zangu kulikagua na kulirukia kwanza.

Tangu hapo nimeapa kutoeleza kazi yangu kwa mfano wa kitu chochote kinachopatikana nyumbani kwa shangazi. Juzi kaniuliza betri ya simu huwa inajaaje, nikamwambia hata mimi sijui.