Beseni Tupu Kichwani

Nimechoka na huu mguu. Mwaka uliofuata uhuru nilianguka toka juu ya kamiyo, lori lililobeba ngazi za kukamulia mawese, kule Kigwena, na tangu siku ile tunaishi kama wake wenza, kila mmoja na lake. Hospitalini Bujumbura daktari alitoa kichwa cha mfupa kilichovunjika kwenye nyonga, akaniwekea cha chuma. Maumivu yaliisha, lakini mguu wenyewe ulinipotea. Nilidhani nimeukanyaga chini, kumbe bado uko hewani, na mimi huyo, puu! mbele za watu. Niliona haya mpaka nikaacha kutoka nje.

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kubembeleza. Alinivika ngata kichwani, juu yake akaweka beseni langu la kuuzia ndagala, dagaa wa ziwa letu, likiwa tupu.

"Tembea. Sisi wanawake wa Rumonge tunatembea kwa kichwa."

"Mama, kilichokatwa ni nyonga, si kichwa."

Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini kila asubuhi alinizungusha uani, na beseni likiinama tu nilijua nyonga imelegea upande gani. Ajabu ya Mungu, mguu ukaanza kunisikia. Bila beseni niliyumba kama mlevi. Nikilibeba, nilikuwa mtu. Basi nikaenda nalo kila mahali, hata kuzika, watoto wakinizomea.

Mwaka wa sabini na mbili, ule wa mauaji, ukatukuta hivyo. Watu walichukuliwa na askari, hawakurudi. Mume wangu, mvuvi, akasema tuvuke ziwa. Asubuhi ile mtumbwi ulijaa majirani mpaka maji yakakaribia kuingia. Ilibaki nafasi ya mtu mmoja. Mama akanisukuma mimi.

"Mzee kama mimi atatafutwa na nani? Panda."

"Eh, huyu wa mguu atatupindua!" jirani mmoja alifoka. "Tupa iyo beseni, hakuna mizigo!"

"Nikiitupa ndiyo nitawapindua," nikasema.

Mama aliingia majini hadi magotini, akanishika kiwiko, akaliweka beseni sawa. "Tazama mbele, mwanangu. Usigeuke." Nikainua mguu mbovu. Beseni halikutikisika. Nikakaa, na hakuna aliyelowa.

Mume wangu akaanza kupiga kasia. Nyuma nilimsikia mama akiniita, mara moja tu. Wallahi, moyo ulitaka kupasuka. Lakini maji yalikuwa ukingoni na watoto wa watu wamenibana mbavuni. Ningegeuka, tungepinduka wote. Sikugeuka.

Miaka mingi baadaye tuliporudi, nyumba haikuwapo, wala yeye, wala mtu wa kutuonyesha kaburi. Beseni limetoboka, nimepanda vitunguu ndani yake. Siku hizi natembea na fimbo, na kila nikisimama bado nainyoosha shingo kama alivyonifundisha. Uso wake aliponiita siku ile siujui. Nimechoka kutazama mbele.