Kellen na Namba ya Sombe

Kitambulisho cha Kellen Mukabalisa kilikuwa kama benchi la kanisani: kila aliyechoka alikikalia. Laini ya kwanza ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake ilikuwa yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya mumewe Cassien, fundi wa kuchomelea vyuma pale Gatsata, Kigali, aliyepoteza kitambulisho mara mbili na mara ya tatu akaona amekitafuta vya kutosha. Ya tatu ilikuwa ya shemeji yake Mutsinzi, dalali wa viwanja, aliyeomba jina "kwa wiki moja tu, shemeji," na wiki hiyo sasa ina miaka sita. Laini ya nne kampuni ya simu haikubali. Kwa hiyo siku Kellen alipohitaji laini ya biashara yake mwenyewe, jina lake lilikuwa limejaa watu.

Connie ndiye aliyemwokoa. Kitambulisho cha Connie kilikuwa na laini moja tu na nafasi tele, kama mwenyewe. Alilelewa Uganda, alifanya kazi katika ofisi moja ya Kacyiru yenye mazulia, aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ambayo Kellen aliimba ya pili, na juu ya yote alikuwa mama wa ubatizo wa Pretty, binti pekee wa Kellen. Alimbeba mtoto kisimani pa ubatizo akiwa amevaa viatu virefu kuliko mshumaa. Mtu wa namna hiyo humwulizi maswali ya sajili.

Biashara yenyewe ilikuwa kinu. Kellen alikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, ambako majani ya muhogo yanaitwa kisamvu na bibi yake aliyatwanga kana kwamba yamemtukana. Hapa Kigali yanaitwa sombe, na siku hizi wengi wanayasaga kwa mashine, yanatoka laini, ya kijani ya kupendeza, na hayana ladha ya kitu chochote kilichowahi kuwa hai. Kellen alitwanga kwa mkono. Connie alionja sahani moja Jumapili baada ya ibada, akaifuta kwa kidole.

"Bambi, dada, kitu kama hiki kinakaa gizani?" alisema, kwa lile neno lake la huruma la Kiganda. "Tukiweke mtandaoni."

"Huko mtandaoni watanusa?"

"Watasikia."

Na kweli, walisikia. Connie alisajili laini, akafungua watsapu ya biashara, akaiunganisha na simu yake pia ili asaidie kujibu. Kila asubuhi Kellen alirekodi mapigo matatu ya mchi, dum, dum, dum, kisha maneno yake: "Wa Kacyiru, mko macho? Sombe imeamka kabla yenu, na haina mshahara!" Watu wa ofisini wakacheka na kutumiana. Mwanzoni walikuwa tisa, na wanne kati yao wanakwaya. Mwaka wa tatu wakafika mia sita na kitu. Namba ilibandikwa kwenye mfuniko wa kila kopo la sombe. Connie alimfundisha kupiga picha karibu na dirisha, akamtafutia Gakwaya, motari mtu mzima mwenye pikipiki tulivu, awe anasambaza mizigo. Tuseme ukweli, maana ukweli ndio unaouma hapa: Connie alisaidia. Angekuwa mwizi wa kawaida tusingekuwa na hadithi, tungekuwa na ripoti.

Connie alikuwa pia na kikundi. Kiliitwa Kukua kwa Nia, na kilikutana Jumamosi katika ukumbi wa hoteli, wanawake themanini na chupa themanini za maji madogo. Kila mtu aliandika nia yake kwenye kadi ya rangi, akaisoma kwenye kipaza sauti, akapigiwa makofi ya mvua: kwanza kidole kimoja, kisha viwili, kisha viganja, mpaka ukumbi mzima unanyesha. Walimpigia makofi ya mvua aliyefungua saluni, na aliyeifunga, na siku moja mhudumu aliyeleta viti. Kellen aliandika: "Nataka mtu akisikia jina langu, aone njaa." Wenzake walicheka. Connie alilia machozi halisi, akaiweka kadi ile katika mkoba wake.

Mara mbili Kellen alijaribu kusema neno.

"Dada, ile laini tungeihamishia kwangu. Nitaondoa moja ya zile nyingine."

"Tutaenda," Connie alijibu mara ya kwanza. Mara ya pili akaweka mkono kifuani. "Kwani hatuaminiani, mama Pretty?"

Kellen akaona aibu, akampelekea sombe ya bure wiki nzima.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, jua likiwaka na vumbi la kiangazi limekaa juu ya kila kitu, simu ya biashara ikakosa mtandao. Kellen aliizima, akaiwasha, akaipuliza. Akateremka mpaka duka la huduma za simu kule Nyabugogo, ambako binti mwenye beji iliyoandikwa Ingrid alibonyeza kompyuta yake, akamtazama kwa upole wa watu wanaotoa habari mbaya mchana kutwa.

"Mama, laini hii si yako. Mwenyewe alikuja jana akachukua kadi mpya."

"Mwenyewe ni mimi."

"Kitambulisho kinasema hapana."

Kellen alicheka. Akadhani Connie amerekebisha hitilafu fulani na amesahau kumwambia. Akampigia kwa laini yake binafsi.

"Eeeh, dada! Nilitaka kukutafuta," Connie alisema, sauti yake tamu kama siku ya ubatizo. "Tumekua, unajua? Nimepata bohari Gikondo, nina mashine, nina wasichana wawili. Utatwanga mpaka lini, bambi? Mabega yako nayaonea huruma."

"Na namba yangu?"

"Namba iko palepale, kwa jina lilelile. Kwa sheria hakuna kilichotokea."

"Connie. Wateja wangu."

"Wateja wetu. Na wewe ndiwe sura ya chapa! Jumamosi nataka utoe ushuhuda. Nimekuandalia zawadi."

Kellen alitoka na simu iliyokwisha kukatika mkononi. Nje ya duka Gakwaya alikuwa juu ya pikipiki yake, na nyuma ya kiti kulikuwa na kreti la makopo yenye mifuniko aliyoifahamu.

"Gakwaya, hizo umetoa wapi?"

Motari alivua kofia ngumu taratibu, kama mtu anayeingia msibani. "Gikondo, mama."

"Tangu lini?"

"Iko wiki mbili. Mimi nilijua wewe unajua. Connie alisema ni ya nyinyi wote."

"Na ulipokuja kwangu asubuhi kuchukua zangu, hukuona mdomo unao?"

"Niliuona, mama," alisema, akiangalia tairi. "Lakini Connie analipa kwa wiki."

Nyumbani alimkuta Cassien akila. Alimweleza yote, na kadiri alivyoeleza ndivyo tonge la Cassien lilivyopunguza mwendo, hadi likasimama kabisa.

"Hiyo mashine," Cassien alisema, "ina miguu minne na kifuniko cha bawaba?"

"Nitajuaje? Wewe umejuaje?"

"Niliiunda mimi."

Kellen aliketi.

"Alisema ni zawadi yako!" Cassien alilalamika. "Siri! Ya siku yako ya kuzaliwa! Nikachomelea wiki nzima, nikapiga msasa, nikaandika K ndogo pembeni!"

"Mimi nimezaliwa mwezi wa tatu, Cassien."

"Nilishangaa imechelewa."

Hakumkaripia. Aliingia jikoni, akakaa karibu na kinu mpaka chakula cha Cassien kikapoa. Kati ya watu wote aliowaamini, mmoja alimchukulia namba, mmoja akabeba mzigo, na mmoja akatengeneza mtambo kwa mapenzi.

Kesho yake asubuhi, simu ya Cassien ikatoa sauti. Dum, dum, dum. "Wa Kacyiru, mvua hiyo, mtatoka vipi? Kaeni hapo, sombe inawajia na mwavuli!" Ilikuwa sauti ya Kellen, ya mwezi wa nne. Nje paliwaka jua la kupasua vigae. Connie alikuwa amezihifadhi rekodi zote: kicheko chake, mafua yake, kikohozi cha Pretty kwa mbali. Kellen alisikiliza mara moja tu. Ni jambo geni kusikia mdomo wako ukifanya kazi kwa mwingine.

Jumamosi akaenda. Cassien alimshauri asiende. Pretty alimwomba asiende na mchi. Aliuacha mchi.

Connie alimkumbatia mbele ya watu wote, akamvisha zawadi: aproni nyeupe yenye picha ya uso wa Kellen, ukitabasamu pale tumboni. "Mfano wetu!" Connie alitangaza. "Alianza na kinu!" Ukumbi ukanyesha.

Kellen akachukua kipaza sauti. Usiku kucha alikuwa amepanga hotuba, ikamtoka yote kichwani.

"Aliye na namba ya sombe yangu," alisema, "aipige sasa hivi."

Wanawake wa Kukua kwa Nia walizoea kutii kipaza sauti. Simu zikatoka, vidole vikabonyeza. Na ndani ya mkoba wa Connie, mkoba uleule uliomeza kadi ya nia, kitu kikaanza kutwanga. Dum, dum, dum. Kikakatika, kikaanza tena. Dum, dum, dum.

Kellen alimwangalia Connie, na kwa mara ya kwanza Connie alikosa pa kuweka mikono.

Ndipo mama mmoja wa safu ya mbele akainua kidole na kukigonga kiganjani. Wa pili akafuata. Walidhani ni somo. Connie, ambaye hakufika Kacyiru kwa bahati, alichomoa simu na kuinyanyua juu. "Mmesikia? Hiyo ndiyo nguvu ya wateja!" Mvua ikamwagika.

"Ni laini yangu!" Kellen alipiga kelele. "Amenichukulia laini yangu!" Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshazimwa, na mwongoza ratiba alimwonyesha saa yake kwa heshima. Mstari wa nyuma kuna aliyefuta machozi kwa furaha.

Jumatatu alikuwa tena mbele ya Ingrid.

"Upate laini mpya lazima tufute moja," Ingrid alisema. "Hii ya kati? Au hii ya tatu?"

Ya tatu ilikuwa ya Mutsinzi. Namba hiyo ilichorwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta za mtaa mzima, na kila mwenye kiwanja cha kuuza alikuwa nayo. Kidole cha Ingrid kilisubiri juu ya kitufe. Kubonyeza mara moja tu, na kwa sheria hakuna ambacho kingekuwa kimetokea.

"Subiri," Kellen alisema, akampigia shemeji yake. "Mutsinzi, njoo Nyabugogo na kitambulisho chako. Tuhamishe laini iwe kwa jina lako."

"Leo? Nina mteja wa kiwanja, shemeji! Miaka sita hakuna tatizo, leo kuna nini? Kwani hatuaminiani?"

Kellen alilisikia neno hilo, likamchoma mahali palepale. "Tunaaminiana," alisema. "Ndiyo maana nimekaa kwenye kiti hiki nakungoja. Njoo."

Alikuja baada ya saa nzima, akinung'unika tangu mlangoni, akaweka sahihi akinung'unika, akatoka bila kuaga. Kellen alichukua laini yake. Akarudi nyumbani, akatwanga, akarekodi, akawatumia aliokuwa nao katika simu binafsi: kwaya isipokuwa sauti moja ya kwanza, majirani, na Gakwaya.

Gakwaya alijibu jioni. "Mama, mimi bado nabeba ya Connie, watoto iko wanakula. Lakini mageti yote najua. Nikigonga, nitasema namba yako."

Wateja mia sita walikuwa Gikondo. Siku mbili simu mpya ilikaa juu ya kinu bila kulia. Siku ya tatu ikalia, sauti ya mama mmoja wa Kacyiru, yenye shaka.

"Motari amenipa namba hii. Ni wewe kweli? Maana asubuhi nimekusikia kwenye ile nyingine."

"Nilisema nini?"

"Ulisema mvua inanyesha, tusitoke."

"Chungulia dirishani, mama."

Kellen alisikia kiti kikisukumwa, kisha pazia.

"Kuna jua," mama yule alisema.

"Haya. Unataka kiasi gani?"