Radhi Alizokosa Hamad

Mwanangu, ile siku Hamad alipoaga kwenda vita vya Kagera haijanitoka rohoni, na jana ulinikumbusha kwa ubaya. Ulisimama barazani na sare yako mpya ya polisi, ukitamba kwamba vita vikizuka utajitolea jeshini wa kwanza. Nilinyamaza kwa kuwa tulikuwa na wageni. Leo utanisikiliza.

Hamad alikuwa konstebo mwenzangu. Walipotakiwa polisi wa kujitolea kwenda vitani, alijitokeza, na kijiji chetu kizima cha Vitongoji kikamshangilia. Kama ilivyo desturi yetu, akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi kabla ya safari, nami nikimsindikiza. Kila mlango tuliombewa dua, mpaka tulipofika kwa Bi Time, mjane msuka mikeka. Hamad aliwahi kumpiga mwana wa mama huyo akiwa mahabusu, kwa tuhuma ya mbuzi ambaye kijana hakumwiba, na sikio moja la kijana likafa.

"Bi Time, nakwenda vitani. Nipe radhi zako kwa yote."

Hakuacha kusuka. "Hayo yote mie siyajui. Nalijua moja. Litaje hapa, mwanangu asikie kwa sikio ulilomwachia."

 Wazee waliotufuata wakamjia juu yule mama: msamehe, mtu anakwenda kutufia!

"Huko aendako adui ana bunduki," akasema Bi Time. "Mwanangu alikuwa na nini?"

Hamad akageuka, akaenda zake. Kutaja neno moja tu kulimshinda, ila kwenda vitani hakukumshinda. Hakurudi. Kwenye hitima yake tuliambiwa tumsamehe marehemu, sote tukaitikia, ila Bi Time. Mpaka leo wapo wanaomsema kwa hilo, na nikiwasikia damu hunichemka. Angesamehe nini, ikiwa mwenyewe hakukitaja?

Sasa wewe. Juzi ulitusimulia kwa kicheko kofi ulilompiga yule muuza ndizi wa Konde. Sitaki kusikia habari za vita. Vua sare, nenda Konde leo hii, utaje ulichomfanya mbele ya mama yake, kisha uombe radhi. Usiniletee habari za ushujaa kabla hujafanya hilo.

Mungu akulegeze ulimi ungali hai, akuhifadhi na risasi, na awahifadhi wale wasio na silaha na mkono wako. Amin. Haya, inuka, gari za Konde bado zipo.